Nilivigusa Vifundo vya Mashine, Nikamwacha Asiye na Kosa Alaumiwe

Nimekosa. Kosa lenyewe nililifanya kwa mikono yangu hii miwili, saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna aliyenituma. Msinisome kwa huruma eti kwa sababu ni mzee. Uzee haukunishika mkono siku hiyo.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu. Naishi Mbotela, hapa Nairobi, tangu marehemu mume wangu alipokuwa dereva wa lori. Shule niliacha darasa la tatu. Nauza sukuma wiki na vitunguu kando ya barabara, na nikirudi nyumbani nataka kukuta kila kitu kama nilivyokiacha. Kijiko kikihama, nitauliza ni nani.

Nina mjukuu, nitamwita Mwende, ingawa jina lake silo. Nilimchukua akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki, na tangu hapo ananiita Susu, kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka ishirini na miwili. Amemaliza kidato cha nne, kazi hana, lakini kanisani ndiye mpiga kinanda. Sikio lake ni kali. Kwaya ya watu thelathini ikiimba, anakwambia nani amekosea na amesimama upande gani.

Basi siku moja alipiga kinanda kwenye arusi, na hapo palikuwa na bwana mmoja mwenye studio mjini. Yule bwana akamwita kando akamwambia: niletee wimbo mmoja uliouchanganya wewe mwenyewe, uwe na fidla, filimbi na tarumbeta, na zisikike kama watu wamekaa pale wanapiga. Niletee Jumamosi ya wiki ijayo saa sita. Ukinipendeza, Jumatatu unaanza kazi.

Mwende alifika nyumbani akashindwa kula. Kazi. Miaka minne msichana ananisaidia kufunga sukuma, na sasa kazi imetajwa, tena ya kitu anachokipenda.

Lakini fidla zitoke wapi? Hata kanisa letu halina fidla. Hapo ndipo alipoingia kijana wa Kibukusu nitakayemwita Wafula. Alikuwa kama miaka thelathini hivi, anafanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja Industrial Area, anakaa chumba cha kupanga huko Kware, na siku za arusi anabeba mitambo yake kwenda kupiga muziki. Alikuwa na kisanduku cheusi, kifupi kama Biblia mbili zikipangwa. Mwende akaniambia, "Susu, ndani ya hiki kisanduku kuna watu arobaini wanapiga ala, ila hawapo."

"Kama hawapo, anayepiga ni nani?"

"Mimi. Kwa kinanda."

Sikupenda. Kitu ambacho kipo na hakipo, mimi huwa nakiangalia mara mbili.

Na yule Wafula mwenyewe, siku ya kwanza kuingia kwangu, akaniita nyanya kwa lugha ya vijana, "Niaje, Shosho."

Nikamwuliza, "Niaje ndiyo nini? Kwenu watu wakiamka wanaambiana niaje?"

"Wanaambiana mulembe, Shosho."

"Basi sema hiyo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mwanamume anayecheka haraka nyumbani kwa watu ana kitu anakitafuta.

Walipanga mitambo kwenye meza yangu ya kulia. Kinanda, kile kisanduku, na mashine moja pana yenye vifundo vingi vya kuzungusha, kama vya redio. Waya nane zilitoka kwenye kisanduku zikaingia kwenye ile mashine. Kila waya ilileta ala yake, hii fidla, hii filimbi, hii tarumbeta, hii ngoma, na kila moja ilikuwa na safu yake ya vifundo. Nikawapa sheria yangu: nyumba hii si baa, ukuta ni mwembamba, sitaki kelele. Wakasema sawa Susu, sawa Shosho, wakavaa headfoni.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Mimi ndiye niliyekataza sauti, na ni mimi niliyeanza kushuku kwa sababu hakuna sauti.

Siku nne nilikuwa nikirudi kutoka sokoni nawakuta watu wawili wamekaa kando kwa kando, kimya, wameziba masikio, wanaangalia mashine. Muziki gani hauna sauti? Niliuliza, "Mnafanya nini?"

"Tunapima sauti, Susu."

"Iko wapi?"

Mwende akagusa headfoni. "Iko huku."

Nikaleta kigoda, nikakaa nao nikichambua maharagwe. Nilitaka kuona kwa macho. Mwende alikuwa anafumba macho na kuinua kidole. "Shusha tarumbeta. Kidogo. Tena kidogo. Umepita, rudi." Na Wafula anazungusha kifundo polepole kama ameshika yai. Dakika kumi nzima kwa kifundo kimoja. Wanabishana juu ya kitu chembamba kuliko unywele.

Nilichokiona mimi ni kwamba karibu kila mara mkono wa Wafula ulikuwa unapunguza. Shusha hiki, bana kile. Nikajiambia, huyu amemfundisha mtoto wangu kuminya muziki. Mtu anatafuta kazi kwa sauti, halafu anafundishwa kuificha.

Jirani yangu, nitamwita Mama Kioko, alikuja Alhamisi kuomba moto wa jiko. Akachungulia sebuleni akamwona Wafula, akanivuta hadi nje.

"Huyo namjua," akasema. "Aliwahi kuomba kazi studio hiyo hiyo ya mjini. Wakamkataa."

"Wakamkataa kwa nini?"

"Sijui yote. Najua alikataliwa."

Hayo yakanitosha. Mwanamume amekataliwa mahali, halafu anamsaidia msichana aingie pale pale? Ameleta mitambo kutoka Kware, anakuja kila siku, anakunywa chai ya rangi, haombi kitu? Hapana. Nilijua dunia zaidi ya hapo. Jioni nilimwambia Mwende kwamba rafiki yake alikataliwa kule. Akaniangalia tu akasema, "Susu, wacha." Lakini nilijua neno limeingia.

Ijumaa walimaliza. Ilikuwa kama saa nane. Wafula alibandika vipande vya karatasi nyeupe ya gundi kando ya vifundo, na Mwende akachora kwa penseli kijistari pale kila kifundo kilipoelekea. Kurekodi kungekuwa asubuhi yake, kwa sababu deki nzuri ya kaseti ilikuwa ya kanisa na ingetolewa Jumamosi tu, na Wafula alikuwa na arusi saa tano, lazima aondoke na mitambo yake. Mwende akaniambia, "Wimbo uko tayari ndani ya kinanda, kesho tunawasha tu na kurekodi. Na ikitokea mtu akagonga kitu, tunarudisha kwa alama." Wakatoka kwenda kanisani kuhakikisha habari ya deki. Baada ya dakika chache Wafula alirudi peke yake, akachukua koti lake kwenye kiti, akasema mulembe Shosho, akaenda.

Nikabaki mimi na ile mashine.

Niliiinamia. Vile vifundo vidogo vya juu, kila kimoja kilikuwa kinaangalia kwake. Cha filimbi kimepandishwa karibu mwisho. Cha tarumbeta kimeshushwa hadi karibu chini kabisa. Vya fidla viwili, havifanani hata hivyo viwili. Nikasema, ndiyo hii. Hapa ndipo alipomkatia mtoto sauti. Tarumbeta, kitu kikubwa, ameizika, kafilimbi akakapandisha. Yule bwana atasikia nini Jumamosi? Na karatasi za alama amebandika ili hata mtu akirekebisha, yeye arudishe uharibifu wake.

Nikavizungusha. Kimoja kimoja. Vyote nikavisimamisha wima, katikati, vikaangalia juu sawasawa kama vikombe kwenye sinia. Nikabandua zile karatasi za alama, nikazifinyanga, nikazitia kwenye jiko zikaungua. Halafu nikapangusa meza. Niwaambie ukweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona nimemlinda mtoto na yeye hajui.

Mwende hakuigusa mashine jioni ile. Alipiga pasi nguo yake ya Jumamosi, akalala mapema.

Asubuhi saa tatu deki ilifika. Wakaunganisha, wakatia kaseti, Mwende akavaa headfoni, akabonyeza. Nikaona uso wake ukikunjamana. Akazivua kama zimemchoma.

"Inapasuka," akasema. "Wafula, inapasuka yote."

Wafula akainama. Taa ndogo nyekundu zilikuwa zinawaka kwenye mashine, na sikuwa nimeziona zikiwaka siku zote nne. Akatazama vifundo. Akatazama pale karatasi zilipokuwa. Akasema polepole, "Vya juu vyote viko katikati."

"Na alama?"

"Hakuna."

Wakaanza kukimbizana na saa. Na katika kukimbizana huko, ndipo nilipoelewa nilichofanya, kwa sababu walikuwa wanasemezana na mimi nimesimama pale na chupa ya chai. Tarumbeta katika kile kisanduku zilikuwa zinaingia na nguvu nyingi, ndiyo maana walizibana pale zinapoingilia. Ukiziachia zinararuka, na zikishararuka hapo, hata ukizipunguza mbele unapunguza kitu kilichoraruka. Filimbi ilikuwa inaingia na pumzi tu, ndiyo maana waliifungulia. Ukiibana, ukija kuipandisha baadaye unapandisha na mvumo wa mashine. Kila ala na kipimo chake. Kuviweka vifundo sawa ndiko kuziharibu sauti. Mimi ninayejua kwamba maharagwe na mchicha havitiwi chumvi sawa, nilihitaji kuambiwa hilo kuhusu filimbi.

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Ningesema, ni mimi, wangepiga kelele dakika moja, wakaendelea na kazi wakiwa pamoja. Hilo tu.

Mwende akanigeukia. "Susu, kuna mtu aliingia hapa jana?"

Nikasema, "Hakuna."

"Hukugusa?"

"Nilipangusa vumbi la meza. Mashine sijui kuishika." Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Muulize mwenyewe. Si yeye aliyerudi peke yake, eti koti."

Mwende alimwangalia Wafula. Niliona neno la Alhamisi likimpanda machoni.

"Ulirudi ndani kufanya nini?"

"Nilichukua koti, Mwende. Ulikuwa unaningojea kwa geti."

"Ulikataliwa pale. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Kwa hivyo hutaki nikubaliwe."

Wafula alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Nilidhani ni hatia iliyomfunga. Nilifurahi hata, naona aibu kusema. Akasema tu, "Tuna saa moja. Nikasirikie baadaye. Sasa hivi niambie nishushe wapi."

Wakafanya kwa hasira kazi ya siku nne, kwa saa moja. Mwende hafumbi macho tena, anaangalia saa. Wakarekodi mara moja tu. Saa nne na nusu Wafula alikunja waya zake, akabeba mitambo, hakuniaga kwa mulembe wala niaje.

Mwende alirudi kutoka mjini saa nane mchana. Nilimwekea chakula. Akakaa nacho mbele yake.

"Alisikiliza?" nikauliza.

"Hakufika mwisho. Alisema tarumbeta zinararuka na filimbi ina mvumo. Akasema aliyefanya kazi hii hasikii." Akasukuma sahani. "Mimi, Susu. Eti sisikii."

Nafasi ile akapewa mtu mwingine.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Mwende hakumsalimia Wafula tena. Kanisani alisema mkono unamuuma, wakatafuta mtu mwingine wa kinanda. Baada ya mwezi alikwenda kukaa Komarock kwa shangazi yake, akapata kazi ya kuuza katika duka la vitambaa. Alikuja kunisalimia Jumapili moja moja, akaniletea sukari, tukaongea habari za bei ya vitu. Redio ikipiga wimbo, anaizima. Mtoto ambaye zamani alikuwa anapiga vidole kwenye meza hata akingojea chai.

Na mimi nikanyamaza. Miezi saba. Kila nikitaka kusema, najiambia, lakini yule mtu alikuwa na nia mbaya tu, nilichofanya ni kumuwahi.

Ndipo Mama Kioko, tukiwa tumekaa nje tunachambua mboga, akataja jina la Wafula. Akasema, "Maskini yule, na sikio lake."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Mashine za kiwanda zilimuua sikio. Ndiyo studio walimkataa. Tena alilitaja mwenyewe, hakuwaficha."

Mikono yangu ikasimama. "Na wewe ulikuwa wapi kuniambia hiyo?"

"Nilikwambia siku ile sijui yote. Hukutaka kungoja. Ulifurahia hiyo nusu."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kupigwa kama na maneno hayo. Kumbe zile siku nne, mkono uliokuwa unapunguza ulikuwa unafuata sikio la Mwende. Yule mtu alikuwa na mitambo na hana sikio, mtoto wangu ana sikio na hana mitambo. Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake alichokosa, na mimi nikakaa katikati na maharagwe yangu nikitafuta mwizi.

Kesho yake nilikwenda Kware. Niliulizia, nikaelekezwa. Nilimkuta anafua shati nje ya mlango. Akaniletea ndoo iliyopinduliwa nikae. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitazungumza habari nyingine.

"Ni mimi niliyevigusa vile vifundo. Na alama nilizichoma."

Aliendelea kukamua shati. "Najua, Shosho."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile. Vilikuwa vimepangwa vizuri mno. Fundi hawezi kuviweka hivyo hata akiwa amelewa. Kama ningetaka kumharibia, ningemharibia kifundi, kimoja tu, na asingejua."

"Na kwa nini hukusema?"

Akalitundika lile shati. "Ningemwambia nini? Kwamba mtu mmoja aliye naye duniani ndiye amemfanyia? Siku hiyo ya kwenda mjini? Nilifikiri utamwambia wewe. Nikangoja wiki. Halafu nikaacha kungoja."

Nilisema, "Nisamehe."

"Mimi nilipoteza rafiki," akasema. "Yeye alipoteza zaidi. Nenda kwake kwanza."

Nilikwenda Komarock siku hiyo hiyo. Mwende alikuwa anapimia mteja kitambaa. Nikangoja mteja atoke. Nikasema yote, tangu vifundo hadi koti, sikujitetea kwa lolote. Hakulia. Aliniuliza maswali mawili.

"Wafula alijua?"

"Alijua."

"Na akanyamaza ili nisikuchukie wewe."

"Ndiyo."

Akaikunja ile futi ya kupimia, akaiweka kwenye droo. Akamwomba mwenzake amshikie duka. Alipita mbele yangu akaenda, na alikuwa anaelekea upande wa Kware.

Sasa ni wiki ya sita. Nasikia kwa Mama Kioko kwamba wawili hao wanaongea tena, na kwamba Mwende ameombwa kurudi kwenye kinanda cha kanisa, akasema atafikiri. Kwangu hajaja. Sukari ananitumia bado, kwa mkono wa mtu. Kazi ya studio haikurudi, na haitarudi. Yule bwana ana msaidizi, na katika kichwa chake yupo msichana mmoja wa Eastlands asiyesikia.

Wazazi wenzangu na nyanya wenzangu, nawaambia hivi. Unaweza kumshuku mtu. Hata mimi bado ni mtu wa kushuku, siwezi kuwadanganya kwamba nimebadilika. Lakini ukimshuku, mwulize yeye mwenyewe, mbele ya mtoto, mchana, na ungoje jibu hadi mwisho. Kazi usiyoielewa usiirekebishe. Na ukishaharibu, sema palepale, wakati bado kuna saa moja. Mimi saa hiyo nilikuwa nayo mkononi, nikaitumia kumsingizia mtu.